Sindano ya presha kupigwa nyumbani, mama yuko Kizingitini (kisiwa cha Pate, Lamu), naomba ushauri

binti_kizingitini:
Asalaam aleykum jamani. Alojua anijibu kwa kweli maana usiku wa jana sijalala. Mama yangu ana miaka 63, presha anayo mwaka wa tisa sasa, alikuwa anakula amlodipini, kidonge cha presha, kila siku lakini tangu Ramadhani iishe ameziacha, asema miguu yamvimba na vidonge amevichoka. Sasa hapa mtaani kuna bwana mmoja zamani alikuwa akisaidia zahanati, yeye hupiga watu sindano majumbani, presha ya mama ikipanda huitwa yeye, ampiga ya mshipa, mama akojoa wee mpaka achoka, jioni presha imeshuka na kila mtu afurahi. Mwezi huu imekuwa mara tatu. Jana nimempima mwenyewe na mashine nikapata 188/104, na yuko sawa tu anaongea, kichwa hakimuumi, ndio kwanza atoka kwa jirani kunywa kahawa. Yule bwana aniambia ninunue vichupa vitano niweke nyumbani, na anifundishe kupiga mimi mwenyewe. Kimoja amekiacha pale dirishani, kimeandikwa Furosemide 20mg/2ml, nikakiinua kwenye mwanga nikaona maji yake yana umanjano kidogo. Ni salama kweli? Mimi Jumapili narudi Amu (Lamu mjini) kazini, na nikikataa halafu mama akapatikana na lolote nitajilaumu mimi.

nesi_malindi:
Waaleykum salaam dada. Usinunue hivyo vichupa, na hicho cha dirishani asipigwe mtu. Mimi ni nesi huku Malindi, wadi ya watu wazima, hiyo dawa naipiga karibu kila zamu kwa hivyo nakwambia kitu ninachokijua. Haitaki mwanga, ikishageuka manjano haitumiki tena, mpe mfamasia aiharibu.

Furosemaidi ya mshipa ni dawa ya kutoa maji mwilini, twaitumia sana kwa mgonjwa ambaye moyo umechoka na mapafu yamejaa maji, yule anayekaa kitandani ameinama mbele anatafuta pumzi. Na hata huyo hapigwi hivi hivi, miligramu 20 nazisukuma polepole dakika moja mpaka mbili, maana ikiingia nyingi na kwa haraka masikio yanaweza kuvuma na usikivu kupungua. Halafu ule mkojo wote hautoki peke yake, unatoka na chumvi za mwili, potasiamu ikishuka sana misuli inakaza na moyo unapiga ovyo. Mama amepigwa mara tatu mwezi mmoja, kuna aliyempima damu hata mara moja? Figo zake ziko vipi? Hilo ndilo linanitia hofu kuliko hiyo 188.

Nikueleze na hili maana watu wengi hawalijui. Mtu aliyekaa na presha ya juu miaka, ubongo wake umezoea damu kuja kwa nguvu ile. Ukiivuta chini kwa ghafla damu haifiki juu vizuri, mtu anaweza kupata kiharusi kwa sababu presha imeshushwa haraka, na watu wa nyumbani watasema ilipanda. Ndio maana hata yule wa dharura kweli kweli, tukimlaza na kumuwekea mashine, kwa kawaida saa ya kwanza hatushushi zaidi ya robo. Mtu ambaye namba iko juu lakini hana dalili yoyote hatibiwi kwa sindano, anarudishwa kwenye vidonge, presha inashuka pole pole siku kwa siku. Mama presha yapanda kwa sababu ameacha dawa, sindano inamshushia ya leo tu, ya kesho iko pale pale.

Leo mpime tena vizuri. Kahawa ipite nusu saa, akojoe kwanza, akae kwenye kiti chenye mgongo dakika tano kimya bila kuongeleshwa, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na ule mkanda uvae ngozi usiufunge juu ya mkono wa buibui. Pima mara mbili. Lakini ukiona 180/120 kwenda juu na pamoja nayo kifua kinauma, pumzi hazitoshi, mdomo umeenda upande, maneno hayatoki sawa, haoni vizuri, kichwa kinapasuka au anachanganyikiwa, hapo usisubiri chochote ni hospitali saa hiyo hiyo. Jua kuanzia leo nani hapo ana boti ya kuwaka usiku na namba yake uwe nayo.

bin_matondoni:
Dada msikize nesi. Baba yangu alipigwa sindano kama hiyo nyumbani baada ya magharibi, hata isha haijaadhiniwa akainuka kwenda msalani mara ya tatu, alipofika kizingitini pa mlango macho yakaingia giza akaanguka kiubavu, nyonga ikavunjika. Tulimbeba kwenye mkeka. Na mpaka leo kinachoniuma, daktari alituuliza alipigwa dawa gani na kiasi gani, tukabaki tunatazamana, hakuna hata mmoja aliyejua. Wewe angalau jina umelisoma, liandike pamoja na zile siku tatu umwonyeshe daktari.

mama_mapacha:
Mimi nataka tu watu wasije wakaogopa sindano ya presha hata mahali inapotakiwa. Mimba yangu ilikuwa na wiki 34, presha 170/115, naona vimulimuli machoni nikadhani ni uchovu. Hospitali nikapigwa haidralazini ya mshipa, na magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba. Nakumbuka yule nesi hakuondoka kitandani kwangu, apima presha kila baada ya dakika chache, asikiliza mapigo ya watoto, aandika, apima tena. Moyo ulinienda mbio na kichwa kiligonga lakini aliniambia kabla kwamba ndivyo dawa hiyo ifanyavyo kwa wengine. Wanangu leo wako darasa la pili alhamdulillah. Dawa yenyewe ilikuwa nyingine, na kule alikuwepo mtu wa kuniangalia mpaka presha ikatulia.

kijana_langoni:
Nesi samahani, nimesikia kuna sindano mpya ya presha mtu anapigwa mara mbili kwa mwaka basi. Si mama angetafutiwa hiyo?

nesi_malindi:
Yaitwa zilebesiran, hupigwa chini ya ngozi na hufanya kazi kwenye ini, inapunguza ile protini inayoanzisha safari ya kubana mishipa. Majibu ya majaribio yake yalitoka 2024 na yalikuwa mazuri, presha ilishuka na ikakaa chini miezi, lakini hayo ni majaribio, sio dawa ya kuulizia dukani. Mtu akikuuzia kitu mtaani akakwambia ndiyo hiyo, mkatae. Na jamani nikiwa hapa hapa niseme, ile ya kutoboa kidonge laini cha presha, nifedipini, na kumdondoshea mtu chini ya ulimi pia iacheni, yashusha vibaya kama nilivyoeleza juu, na sindano za maumivu kama daiklofenaki zenyewe hupandisha presha, mwenye presha asipigwe tu kwa sababu mgongo waumwa.

binti_kizingitini:
Mungu awalipe. Jana jioni nilimpima kama ulivyosema, nimemkunja mkono wa nguo, nimemnyamazisha (hilo ndilo lilikuwa gumu), nikapata 166/96 na ya pili 162/94. Leo asubuhi tumepanda pikipiki mpaka hospitali Faza. Daktari ametoa damu ya figo na potasiamu, majibu ya potasiamu iko chini, kumbe ndio maana usiku alikuwa akilia na misuli ya miguu akanituma nimkande mafuta ya nazi. Amempa dawa ya kuirudisha, presha amebadilishiwa kidonge, wiki mbili turudi. Yule bwana alipita na mkoba wake alasiri, mama mwenyewe akamwambia asante mwanangu, sipigwi tena.

Na ile miguu kuvimba, daktari asema ni amlodipini yenyewe huwafanyia baadhi ya watu, na yabadilishwa tu. Mama akauliza mbona hakuna aliyemwambia miaka yote hiyo, asingeziacha.