Njiti wangu ana miezi mitano, hageuki, na mimi silali. Naombeni ushauri

MamaTumaini
Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa kwanza alizaliwa mimba ikiwa na wiki 30, kilo 1.3. Nilimbeba kifuani kwa kangaruu, ngozi kwa ngozi, wodini mpaka tukaruhusiwa. Sasa ana miezi mitano. Anacheka, ananifuata kwa macho, ila hajageuka na shingo bado inayumba. Wa jirani aliyezaliwa mwezi huohuo anabingirika mkeka mzima. Mama mkwe haishi kuuliza, "Huyu mbona mzito hivi?"

Nami siko sawa. Usiku namwekea mkono kifuani nihakikishe anapumua. Simu ikilia nashtuka, naona kama zile mashine za wodini zimeanza. Baba yake anasema nimwachie Mungu. Mtoto amechelewa kweli?

NesiWaWatoto
Pole mama, na hongera kwa kumfikisha hapo. Mimba hutimia wiki 40, wako amewahi kwa wiki 10. Zitoe kwenye umri wake: kimakuzi huyo anakaribia miezi mitatu. Wa miezi mitatu kutogeuka ni kawaida kabisa! Hesabu hii tunaitumia mpaka afike miaka miwili. Chanjo tu ndizo zinafuata tarehe aliyozaliwa.

Akiwa macho mlaze kifudifudi, muda mfupi mara kadhaa kwa siku, ukiwa pembeni yake. Hiyo ndiyo inakaza shingo. Kulala alale chali.

Ukiona mwili umekakamaa au umelegea mno, ngumi hazifunguki, au anatumia upande mmoja tu, mpeleke akaonwe na mtaalamu wa mazoezi tiba. Akigoma kunyonya au kupumua kwa shida, ni hospitali saa hiyohiyo.

Je, alipimwa macho? Waliozaliwa mapema hivyo retina zao, yaani sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, huchunguzwa wiki chache tu baada ya kuzaliwa. Masikio pia. Na uliza kama anapata dawa ya madini ya chuma.

BibiWaTanga
Mwanangu, mpe uji mwepesi apate nguvu. Sisi tulikuza hivyo.

NesiWaWatoto
Shikamoo bibi. Uji usubiri kidogo. Utamjaza tumbo na kumpunguzia hamu ya maziwa ya mama, ambayo ndiyo yanamjenga kwa sasa.

BabaPacha
Mimi naongea na mumeo. Kaka, kumwachia Mungu sawa, lakini na zamu ya usiku chukua. Pacha wangu walikuja wiki ya 32, nikawabeba kifuani mwenyewe. Kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, inkubeta, zile mashine za kuwatunzia njiti joto, zilipokuwa hazitoshi. Kinachotakiwa ni ngozi kwa ngozi, na kifua cha baba kina joto vilevile. Mke alale saa nne au tano mfululizo, utaona tofauti.

UpendoMoro
Dada, wote wamekujibu kuhusu mtoto, mimi nakuuliza wewe. Kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, kushtukashtuka, kurudi wodini kimawazo: hayo yanatupata sana sisi wazazi wa njiti, na yana matibabu. Usione unamnyima mtoto muda wake ukienda kutibiwa. Ubongo wake unakua kwa kuongeleshwa, kuchekewa, kuimbiwa, na mama aliyezidiwa na hofu hana nguvu ya hayo. Mimi nilimweleza daktari kliniki ya watoto, akanielekeza kwa mshauri nasaha. Mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto yakikujia, mwambie mtu na uende hospitali siku hiyohiyo.

Na mama mkwe nenda naye kliniki. Hesabu ya umri akiisikia kwa daktari itamwingia.

MamaTumaini
Nimesoma nikalia, asanteni sana. Mume wangu naye amesoma, amesema leo zamu ni yake. Nimeangalia kadi na karatasi za kuruhusiwa, sioni popote palipoandikwa macho. Nimechelewa?

NesiWaWatoto
Usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda nazo wiki hii hospitali ya rufaa, uwaambie alizaliwa wiki ya 30 na hana kipimo cha macho, wakuelekeze kwa daktari wa macho ya watoto. Kufuata kwa macho ni dalili nzuri, lakini retina lazima ionwe.