Naomba ushauri: dogo anakimbia 1500, akimbizane na rekodi au ajipange kwa medali?

Kaka wa Ngaramtoni:
Wakuu heshima kwenu. Niko Arusha, mdogo wangu anakimbia mita 1500 na sio wa kubahatisha, muda wake bora ni 3:34. Kuna meneja wa nje kamletea mpango, msimu mzima akae Ulaya akimbie mbio zenye wavutaji (wale wanaotangulia kuweka kasi) na zile taa za pembeni ya njia zinazoonyesha kasi ya rekodi, avunje rekodi ya taifa ya mzee Filbert Bayi 3:32.16 ya mwaka 1974, halafu ndo wafikirie rekodi za dunia huko mbele. Kocha wake hapa hataki hata kusikia, anasema ajiandae na Jumuiya ya Madola Glasgow 2026, rekodi ipo siku ataivunja mwingine ila medali ni yako mpaka unazikwa. Mama yeye anaangalia hela na simlaumu, ada za wadogo zetu zinatoka kwenye miguu ya huyu huyu. Dogo ananisikiliza mimi, nimwambie nini?

Mangi Kiboriloni:
Medali mkuu, hakuna cha kujiuliza. Simbu kachukua dhahabu ya marathon mashindano ya dunia Tokyo 2025 kwa 2:09:48, nchi nzima tulipiga kelele, wangapi walikaa kuuliza muda? Na huyo ndo bingwa wetu wa kwanza wa dunia kwenye riadha.

Mtoto wa Karatu:
Mangi nakupinga kidogo. Bayi ni mtu wa kwetu Karatu, na watu mnasahau kwamba rekodi yake aliiweka kwenye fainali ya Jumuiya ya Madola Christchurch, hakuna mvutaji hakuna taa, kaongoza toka bastola inalia mpaka kwenye utepe, John Walker wa New Zealand anamfukuza, Walker naye kashuka chini ya rekodi ya dunia ya zamani na bado kashindwa. Yaani dhahabu na rekodi ya dunia siku moja. Ile 3:32.16 ilikaa kama rekodi ya hayo mashindano mpaka Birmingham 2022!

Halafu medali unayoisubiri inaweza isije kwa sababu ambazo hata sio zako. Montreal 1976 dunia nzima ilikuwa inangoja Bayi na Walker, Afrika ikagoma kwa sababu ya New Zealand kwenda kucheza raga Afrika Kusini, Bayi akabaki, Walker akabeba dhahabu. Moscow 1980 Bayi kapata fedha, ila kwa kuruka viunzi na maji. Leo heshima yake kubwa inatoka wapi kama sio 1974? Kwa hiyo dogo akiwa kwenye ubora asichelewe.

Mwalimu wa Riadha:
Mnabishana kama vile ni kazi moja. Mbio za rekodi unakaa nyuma ya mvutaji, kasi haibadiliki, unachotakiwa ni kuvumilia. Mashindano makubwa ni mchujo, nusu fainali, fainali ndani ya siku chache, watu wanatembea mizunguko miwili halafu mmoja anafyatuka ghafla zimebaki 300. El Guerrouj wa Morocco ana rekodi ya dunia 3:26.00 toka 1998 na mpaka leo haijaguswa, lakini Atlanta 1996 alianguka, Sydney 2000 Noah Ngeny akampita mwishoni, dhahabu ya Olimpiki kaja kuipata Athens 2004. Ingebrigtsen wa Norway naye Olimpiki ya Paris 2024 aliwavuta wenzake kwenye 1500 akamaliza wa nne, mwezi huo huo akaenda Poland kuvunja rekodi ya dunia ya mita 3000. Mguu ni ule ule, mbio tofauti.

Kaka, swali langu: dogo akikimbia mbio za taratibu anamalizaje?

Kaka wa Ngaramtoni:
Shikamoo mwalimu. Hapo ndo shida ilipo. Mbio ya majaribio iliyopita walikwenda taratibu, akabanwa leni ya kwanza, wawili mbele mmoja ubavuni, zinabaki mita 150 ndo anapata upenyo na wenzake washaondoka. Kamaliza wa tano na pumzi bado anayo.

Mwalimu wa Riadha:
Marahaba. Basi kocha wake yuko sahihi kuhusu kinachokosekana, ila kukaa nyumbani hakutamtibu. Kiwango cha kufuzu Tokyo 2025 kilikuwa 3:33.00, muda wa Bayi wa 1974 bado ungempeleka, wa dogo ungemwacha anahesabu pointi za viwango vya dunia. Muda ni lazima autafute kwanza. Aende Ulaya mwanzo wa msimu, mbio chache zenye kasi, akishapata muda arudi kwa kocha wake afanye mazoezi ya kubadilisha kasi na kutoka kwenye msongamano. Glasgow wenyewe wameweka maili badala ya 1500, huko ni akili na mwendo wa mwisho. Rekodi ya dunia aiache mpaka ashuke 3:30, kabla ya hapo ni maneno ya meneja.

Dada wa Sakina:
Kuhusu hela mama asidanganywe, bingwa wa dunia analipwa dola 70,000, ila mbio za Ulaya ndo zinalisha mwaka mzima. Huo mkataba mmeusoma? Angalieni kama unamruhusu kuondoka akiitwa timu ya taifa. Kama hakuna hicho kipengele asisaini, na msikubali kuambiwa tutaongeza baadaye.

Kaka wa Ngaramtoni:
Dada nimeuangalia sasa hivi, hakipo. Nampigia meneja leo jioni.