Kigari kitachimbaje Mwezini bila kompresa? Swali la mchimba visima wa Tanga

FundiKisima_Pongwe

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mchimba visima, niko Pongwe hapa Tanga, kazi hii naifanya mwaka wa kumi na saba sasa. Naomba wanaofuatilia mambo ya anga wanisaidie, maana siku ya pili hii usingizi unaniruka.

Nimesoma habari za kigari cha NASA, shirika la anga la Marekani, kiitwacho VIPER. Hakina mtu ndani. Kitapelekwa ncha ya kusini ya Mwezi kutafuta barafu, na kina keekee ya kushuka mita moja ardhini. Mita moja kwetu ni kazi ya dakika chache. Lakini nilipoanza kuipanga kazi yenyewe kichwani, nikakwama.

Sisi tukichimba, biti, yaani kichwa kinachokata mwamba, haifanyi kazi peke yake. Kazi ni ya upepo. Kompresa inasukuma hewa ndani ya mabomba, hewa inaipiga nyundo kule chini, na hewa hiyohiyo ndiyo inayopanda juu na unga wa mwamba. Upepo ukikatika, unga unatuama, unaibana biti, na baada ya muda mfupi bomba haligeuki tena. Mwaka juzi tulikuwa Handeni, tumefika mita 64, kompresa ikazima kwa sababu ya dizeli chafu tuliyouziwa. Mpaka tuje kuiwasha, unga ulishakaa. Tulivuta usiku kucha kwa mwanga wa taa za lori, alfajiri uzi wa bomba ukakatika. Nyundo, biti na mabomba saba yako kule chini hadi leo. Kila nikipita barabara ile, macho yanakwenda upande ule yenyewe.

Sasa Mwezini hewa hakuna, na maji ya kukorogea tope la kuchimbia hakuna. Unga utatokaje? Uzito wa kukandamiza biti watautoa wapi, kama kila kitu kule ni chepesi? Na joto je? Biti ikisugua mahali pamoja inaungua. Si itaiyeyusha hiyo barafu kabla hawajaiona?

La pili. Wanasema wameshapima kutoka juu na dalili za maji zipo. Nimeshachimba mahali ambapo mpimaji aliweka alama ya rangi nyekundu kwenye jiwe na kunihakikishia. Mita 90, tulitoa vumbi tu, na wanakijiji walikuwa wamesimama na ndoo zao. Hawa wana uhakika gani?

MwalimuJiografia

Salaam fundi. Nafundisha sekondari hapa mjini, na mpango huu naufuatilia tangu ulipotangazwa.

Keekee yake inaitwa TRIDENT. Haitumii upepo. Ufito wake umezungushiwa ukingo kama parafujo, mfano wa lile chuma lililo ndani ya mashine ya kusagia nyama, hivyo ukizunguka unga unapanda wenyewe. Halafu haishuki mita nzima kwa mkupuo mmoja. Inachimba sentimita 10, inavutwa juu na unga wake, brashi inaupangusa uanguke pembeni ya shimo, kisha inarudi kuchimba sentimita 10 nyingine. Unga haupati nafasi ya kutuama, na biti inapata kupumua joto lisipande sana. Karibu na ncha kuna kipimajoto, kwa hiyo watajua hali ya kule chini.

Uzito: VIPER ni kilo 430 hivi hapa duniani. Mvutano wa Mwezi ni sehemu moja ya sita ya huu wetu, kwa hiyo kule kitakandamiza kama mzigo wa kilo 72 unavyokandamiza hapa. Gunia la mahindi linakishinda. Ndiyo maana keekee inazunguka huku inagonga, kama nyundo yako. Ikigonga, haihitaji kukandamizwa sana.

Kuhusu uhakika, alama yao nyekundu ni hidrojeni, ambayo ni sehemu ya maji. Mwaka 1998 chombo cha Lunar Prospector kilionyesha kwamba kwenye ncha za Mwezi hidrojeni ni nyingi kuliko kwingine. Hidrojeni peke yake haikuambii kama ni barafu. Basi tarehe 9 Oktoba 2009 wakakiangusha kwa makusudi kipande cha roketi ndani ya kreta ya Cabeus, shimo kubwa la kule kusini, na chombo cha LCROSS kikafuata nyuma kulichunguza vumbi lililoruka. Maji yalikuwemo, wakakadiria kama asilimia 5.6 ya uzito wa udongo. Kwa kiwango hicho, ndoo moja ya lita 20 inahitaji udongo wa kilo 357 hivi. Ila hapo ni mahali pamoja, kreta moja. Mita mia pembeni hali ikoje, na barafu imekaa juu au chini, hakuna aliyechimba akaona.

BintiBarafu_DeepSea

Kaka fundi pole sana na mabomba yako.

Mimi nauza barafu pale soko la samaki Deep Sea. Jiwe la barafu nikiliacha wazi, adhuhuri limebaki dimbwi. Nikilifukia kwenye maranda ya mbao na gunia juu, alasiri madau yakirudi bado nakata vipande. Jua ni lilelile, tofauti ni kilicholifunika. Mwalimu, naomba kuuliza: kule barafu inakaa kwenye giza tu, au hata panapopigwa na jua inaweza kuwa imefukiwa chini?

MwalimuJiografia

Dada, swali lako ndilo wanalokwenda kulichimbia hasa.

Kwanza giza. Mhimili wa Mwezi umeinama nyuzi 1.5 tu, wakati wa Dunia umeinama 23.5. Kwa hiyo kule nchani jua halipandi, linazunguka usawa wa upeo wa macho. Ndani ya kreta nyingine mwanga wake haujafika chini kwa mabilioni ya miaka, na baridi inapita nyuzi 200 chini ya sifuri. Barafu ya humo haina cha kuigeuza mvuke. VIPER kitaingia gizani kwa taa zake chenyewe, ni kigari cha kwanza cha anga za mbali kufungwa taa za mbele. Kinatumia sola, na paneli zake zimesimama wima ubavuni kwa kuwa jua linatokea pembeni. Kwa hiyo gizani hakiwezi kukawia.

Sasa maranda yako. Udongo mkavu wa Mwezi unapitisha joto kidogo mno. Mahali ambapo juu panapata jua mara mojamoja, nusu mita chini baridi inaweza kuwa haijawahi kuondoka. Wamepanga kuchimba mahali pa aina zote: barafu inapoweza kukaa juu kabisa, inapoweza kukaa chini kidogo, chini zaidi, na pale panapodhaniwa kuwa pakavu. Kikiwa kinatembea, kifaa cha kuhesabu nyutroni, chembe ndogo mno zinazotoka ardhini, kinanusa hidrojeni iliyo chini. Wakisimama kuchimba, kifaa kimoja kinautazama unga kwa mwanga na kingine kinapima gesi inayotoka.

Nahodha_Mwambani

Mwanangu fundi, mimi mambo ya biti siyajui. Lakini nimesoma kwamba hicho kigari kinaongea na Dunia moja kwa moja, na kule nchani Dunia inazama nyuma ya vilima majuma mawili, inatokea majuma mawili. Ikizama kinakwenda mahali palipoinuka penye jua, kinangoja. Hilo nimelielewa bila kuelezwa mara ya pili. Sisi bamvu, maji makubwa, linatujia mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, katikati maji mafu, na asiyehesabu siku chombo chake kinalala mchangani. Mwenye kuongoza kigari kile lazima awe na mtu wa kumhesabia.

Kinaondoka lini?

MwalimuJiografia

Shikamoo mzee. Kilikuwa kiondoke 2024. Mwezi Julai mwaka huohuo NASA ikatangaza kuufuta mpango kwa sababu ya gharama na kuchelewa, na kigari kilikuwa kimeshaunganishwa chote. Wanasayansi wengi walipinga. Septemba 2025 ikatangazwa kwamba kitabebwa na chombo cha kutua cha kampuni ya Blue Origin, makadirio ni mwishoni mwa 2027. China nayo ina Chang'e-7, inalenga ncha hiyohiyo, na kimo kifaa cha kuruka kuingia kretani.

Fundi, keekee ya jamii hiyohiyo ilishafika Mwezini tarehe 6 Machi 2025, ndani ya chombo cha Athena. Chombo kikatua kikalala ubavu ndani ya kreta. Keekee ikanyooshwa na kurudishwa, ikaonekana nzima, lakini ardhi haikuigusa.

FundiKisima_Pongwe

Mwalimu, ahsante. Hiyo ya Athena imenichoma. Kufika na mtambo mzima, unaitika, halafu ardhi iko pembeni yako huifikii. Najua hao jamaa walilalaje usiku ule.

Nilivyosoma habari ya brashi niliweka simu chini. Sisi kila mita tunakinga unga kwa chekeche mdomoni mwa shimo, tunaumwaga chini vichungu vichungu kwa mstari. Cha kwanza chekundu, mbele kijivu, mbele zaidi unaanza kushikamana vidoleni. Ukishika mkononi ukaona umeganda kidogo, hapo unamwambia kijana apunguze mwendo, maji yako karibu. Karatasi ya mpimaji haijawahi kunipa kitu kama kile. Kumbe na wao wanapanga vichungu, tena kila sentimita 10. Mimi kila mita nilidhani nina umakini.

Dada wa Deep Sea, nikija mjini nitalitafuta gunia lako nilione. Mzee shikamoo, nimekusikia.

Mwalimu, bado moja. Unga wa kule haujawahi kupigwa na upepo wala maji, kwa hiyo punje zake lazima ziwe na makali kama chupa iliyovunjwa. Hapa mwamba mkali unanilia biti kwa wiki. Hiyo brashi ni ya waya au ya nini? Na ikiisha kule, unga utabanduliwa na nani?