Mjadala: Afisa afya wa halmashauri aruhusiwe kuingia gerezani bila kupiga hodi?

Katika nchi nyingi magereza na vituo vya kuwazuilia wahamiaji viko chini ya serikali kuu, lakini kuzuia magonjwa, kukagua majiko na kusimamia maji taka katika eneo hilohilo ni kazi ya serikali ya mitaa. Afisa afya anaweza kufunga mgahawa ulio mkabala na lango la gereza. Jiko linalolisha watu elfu mbili nyuma ya lango hilo anaambiwa halimhusu. Swali ni kama limhusu, na kama ndiyo, hadi wapi.

Mimi nasema limhusu. Naanza na San Quentin kwa sababu pale hoja zote mbili, ya kwangu na ya wanaonipinga, zilijaribiwa kwa watu halisi.

San Quentin ni gereza la jimbo la California, ila limejengwa ndani ya kaunti ya Marin. Hadi mwisho wa Mei 2020 hakukuwa na mfungwa hata mmoja pale aliyethibitika kuwa na korona. Ndipo wakaletwa kwa mabasi wafungwa zaidi ya 120 kutoka gereza la Chino, ambako ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa, wengi wao wakiwa wamepimwa wiki kadhaa kabla. Afisa afya wa kaunti, Dk. Matt Willis, alishauri wageni hao watengwe, barakoa ziwe lazima, na askari wasizunguke kutoka jengo moja hadi jingine. Akajibiwa kwamba afisa wa afya wa kaunti hana mamlaka ndani ya gereza la jimbo. Mlipuko ulipotulia, wafungwa zaidi ya 2,000 walikuwa wameambukizwa, 28 wamekufa, na askari mmoja naye amekufa.

Sasa tazameni wagonjwa walikwenda wapi. Walipozidiwa walibebwa hadi hospitali za maeneo jirani, vitanda vilevile ambavyo wakazi wa maeneo hayo walivitegemea. Kwa hiyo kaunti haikuwa na mamlaka ya kuzuia, ila ilikuwa na wajibu wa kupokea. Anayetetea mpangilio huu anieleze mantiki yake, maana mimi siioni.

Kuna mtu atasema mfungwa amefungwa, ugonjwa wake utabaki naye. Lakini asiyebanduka ni mfungwa peke yake. Askari, mpishi, muuguzi na dereva wanarudi nyumbani kila jioni. Mahabusu nao wanaingia na kutoka kila siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu jela ya kaunti ya Cook, iliyoko Chicago, ulihusisha mzunguko wa watu wanaokamatwa na kuachiwa pale na takriban asilimia 16 ya wagonjwa wote wa korona waliokuwa wameripotiwa jijini kufikia katikati ya Aprili. Ni uhusiano wa kitakwimu, hauthibitishi kwamba kila mmoja aliambukizwa kwa njia hiyo. Hata ukikata nusu, bado ni nyingi mno kwa jengo moja.

Na tusidhani ni habari ya korona tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kifua kikuu huwapata wafungwa takriban mara 10 zaidi ya watu walio nje. Nelson Mandela mwenyewe aligunduliwa kuwa nacho mwaka 1988 akiwa gereza la Pollsmoor. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 zilizopewa jina lake zinataka daktari au chombo chenye ujuzi wa afya ya umma kikague mara kwa mara chakula, usafi, mwanga na hewa gerezani, na zinataka pia wakaguzi wa nje wasio chini ya idara ya magereza, wenye uhuru wa kufika bila taarifa. Nchi nyingi zimezikubali kwa maneno. Ugomvi unaanza pale anapotakiwa kutajwa mtu mwenye ufunguo.

Hoja ya usalama naipitia haraka kwa sababu naiona dhaifu. Mawakili, viongozi wa dini, mafundi wa umeme na wauza mboga wanaingia magerezani kila wiki na hakuna kuta zilizoanguka. Afisa afya hahitaji kujua zamu za walinzi. Anahitaji kuona choo, jiko, matangi ya maji, chumba cha wagonjwa na daftari la dawa.

Hoja ya uwezo ni ya kweli zaidi. Halmashauri isiyo na hadubini katika zahanati zake itaanzaje kukagua gereza? Lakini ajabu ni kwamba anayesema hivyo huwa hapendekezi halmashauri iongezewe wataalamu. Anapendekeza ukaguzi usiwepo.

Hoja inayonikosesha usingizi ni ya mgongano wa maslahi, na wanaonipinga wakiijua vizuri watanibana hapo. Tunapozungumza kana kwamba serikali kuu ndiyo mfungaji na serikali ya mitaa ndiyo jicho, tunasahau kuwa mahali pengi serikali ya mitaa ndiyo mfungaji. Marekani jela nyingi ni za kaunti. Baadhi ya kaunti hukodisha vitanda kwa serikali ya shirikisho na kulipwa kwa kila mtu kwa kila siku, na fedha hiyo inaingia kwenye bajeti yao. Afisa afya anayelipwa na kaunti hiyo akiandika kwamba jengo limejaa kupita kiasi, amepunguza mapato ya mwajiri wake. Huko ni kumpelekea nyani kesi ya ngedere.

New York ni ushahidi mchungu. Jela za kisiwa cha Rikers ni za jiji. Bodi ya kuzisimamia iliundwa mwaka 1957, na tangu 1977 katiba ya jiji inaipa uwezo wa kuweka viwango vya chini na kuingia jela kukagua. Huduma za afya nazo ziliondolewa kwa kampuni binafsi mwishoni mwa 2015 zikakabidhiwa shirika la hospitali za umma la jiji. Kwa karatasi, hakuna kinachokosekana. Hata hivyo mwaka 2022 pekee watu 19 walikufa wakiwa kizuizini au muda mfupi baada ya kuachiwa. Januari 2023 idara ya jela ya jiji, ambayo ndiyo inayokaguliwa, iliikatia bodi njia yake ya kutazama kamera za jela kutoka ofisini, na Mei 2025 jaji wa shirikisho, Laura Taylor Swain, akaamua kwamba lazima awepo msimamizi wa nje mwenye mamlaka juu ya uendeshaji. Bodi ilikuwa inaona na inaandika, ila haikuwa na cha kumfanya anayepuuza.

Ndiyo maana nasema kibali cha kuingia peke yake hakitoshi, na wanaokidai kwa mabango bila kudai kingine wanadai kitu chepesi. Afisa aingie bila taarifa, ripoti yake itoke kwa umma ndani ya muda uliowekwa na sheria bila kupitishwa mezani kwa mkuu wa gereza, na kuhusu ugonjwa wa kuambukiza amri yake iwe na nguvu ileile iliyonayo kwa shule au kiwanda. Zaidi ya hapo simpi. Adhabu, ulinzi, nani aachiwe na lini si kazi yake. Simpi hata mamlaka ya kufunga jengo zima peke yake, kwa sababu watu wa jengo lililofungwa watapakiwa mabasi kupelekwa kwingine, na tumeona mabasi yanavyoweza kubeba ugonjwa. Hilo liende mahakamani, ripoti yake ikiwa ushahidi.

Pale ambapo jela ni ya halmashauri yenyewe, akague afisa wa halmashauri nyingine. Ni gharama, ndiyo.

Norway ilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 1988 huduma za msingi za afya magerezani zinatolewa na manispaa lilipo gereza. Daktari anayemtibu mfungwa hapokei amri kutoka kwa mkuu wa gereza, kwa kuwa hakuajiriwa naye. Ufaransa ilihamishia huduma hizo kwenye hospitali za umma mwaka 1994. Sisemi kila nchi iige. Nasema dai kwamba mamlaka mawili hayawezi kukaa ndani ya ukuta mmoja limekwisha kujibiwa kwa miongo kadhaa ya kazi.

Kuna onyo moja la wapinzani ambalo nalikubali bila masharti: ukaguzi usigeuzwe jukwaa. Newark, New Jersey, mwaka 2025, jiji lilivutana na GEO Group, kampuni binafsi ya magereza, kuhusu Delaney Hall, kituo cha kuwazuilia wahamiaji ambacho kampuni hiyo inakiendesha. Jiji lilisema wakaguzi wake wamezuiwa, likaenda mahakamani. Mei 9 meya Ras Baraka, ambaye wakati huo alikuwa anawania kuteuliwa kugombea ugavana, akakamatwa langoni. Shtaka la kuingia bila ruhusa lilifutwa siku chache baadaye. Sina shida na meya kutetea mamlaka ya jiji lake. Lakini mwanasiasa akisimama mbele ya kamera, suala la mabomba na milango ya dharura linageuka suala la chama gani kinapenda wahamiaji, na mkaguzi mwenye kipimajoto anaonekana mpiga kampeni.

Vituo vya kampuni binafsi ndipo ninapotaka hasa kusikia upande wa pili. California ilipitisha sheria mwaka 2024 kuwaruhusu maafisa afya wa kaunti kukagua vituo binafsi vya kuzuilia watu, wakati jela za umma za kaunti zilikuwa zikikaguliwa na maafisa haohao tangu zamani. Kampuni inapopata mkataba na serikali kuu, je, inarithi pia kinga ya serikali kuu dhidi ya mkaguzi wa mtaa? Hoteli iliyopangishwa na wizara haiachi kukaguliwa jiko lake. Anayeona kituo cha kampuni kistahili kinga zaidi ya hoteli hiyo, aje na sababu isiyokuwa neno "usalama" peke yake.