Yule mhakiki wenu kamwaga mchele, na kuku wote mko hapa

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Jamaa mnamjua, simtaji, yule wa kuhakiki hadithi fupi za kisayansi, anayebugia majarida sita kwa mwezi kama karanga za basi. Leo kafika kwenye yangu.

Maneno 4,000. Katika hayo, 3,900 nimeficha kitu kimoja tu: babu ni roboti. Babu ananusa ugoro, anagoma kuoga, nimempa hadi ngiri! Dokezo ni moja, anakunywa chai inayochemka bila kupuliza. Miezi minane nimeishi na huyo mzee kuliko mke wangu.

Sentensi ya kwanza ya uhakiki: "Babu ni roboti."

Nukta. Hata hodi hajapiga.

Ya pili: "Inasomeka." Basi! Kahamia hadithi ya watu wa Mirihi, kaipa aya nne. Aya nne, na huko hakuna hata babu.

Lakini jamani, "Babu ni roboti"? Mstari wa kwanza? Hata tangazo la msiba huanza na "tunasikitika".

Ugali Baridi: Mleta mada, nilitaka kuisoma. Sasa umenitobolea wewe, mara tatu.

Bibi Kizee 2: Chai inayochemka? Marehemu babu yangu alikuwa anainywa hivyo hivyo. Kwa hiyo tulizika roboti?

Kalamu Butu: Kiwango cha SFWA, chama cha waandishi kule Marekani, ni senti 8 kwa neno tangu 2019. Maneno 4,000 ni dola 320. Kwa hela hiyo babu hata awe jiko la mkaa.

Mleta mada: Mimi wamenipa dola 20, mkuu.

Kalamu Butu: Aaah. Pole.

Mshumaa: Afadhali wewe umesomwa. Februari 2023 namaliza yangu alfajiri, naingia jarida la Clarkesworld, hawapokei. Wajanja walikuwa wamewafurikia na hadithi zilizoandikwa na mashine. Hao ndio wa kufunguliwa uzi!

Bibi Kizee 2: Na wanaoandika maneno 9,000 wakaita fupi? Kwenye tuzo za Hugo na Nebula hadithi fupi ni chini ya 7,500. Mpwa wangu kaniletea moja juzi, nimesinzia mara mbili na bado roketi haijaruka.

Mleta mada: Tunarudi kwa babu au?

Ugali Baridi: Nani ana hiyo ya Mirihi? Aya nne si mchezo.