Moshi hadi kwa mjusi wa Tendaguru na watoto watatu, Noah itafika?

MamaWatatu
Habari zenu wakuu. Likizo ya Juni tunataka watoto (miaka 6, 9 na 13) wakaone mahali mifupa ya dinosaria ilikochimbwa. Tunaanzia Moshi, gari ni Noah ya kawaida. Kuna anayesema twende Bonde la Oldupai, kule Ngorongoro, kwa kuwa ni karibu, mwingine anasema ni Lindi. Ipi sahihi?

Tabaka_la_Tatu
Lindi, dada. Oldupai hakuna dinosaria hata mmoja: tabaka za chini kabisa zenye visukuku (mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe) pale zina takriban miaka milioni 2, na dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita.

Tendaguru ni kilima kilicho kama kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, na wapagazi wakabeba zaidi ya tani 200 za mifupa kwa miguu hadi pwani. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Watajieni watoto jina hilo, maana ni nadra kutajwa. Mjusi mwenyewe, dinosaria wa shingo ndefu aitwaye Giraffatitan, mifupa yake imesimamishwa makumbusho ya Berlin akiwa na kimo cha mita 13.27. Kilimani mtakuta nyasi, miti na mashimo yaliyojifukia, kwa hiyo mtoto asiyeandaliwa atanuna. Chapisheni picha ya mifupa yake, kisha kateni kamba ya mita 13. Mkifika itandazeni chini, mtoto aitembee kutoka unyayo hadi utosi.

Halafu angalieni ardhi yenyewe. Tabaka za mifupa zimepishana na tabaka za mchanga wa bahari zenye makombe, kwa sababu bahari ilikuwa ikiingia na kurudi. Kipande kilichovunjika kikionyesha vitundu vidogo vidogo kama kitumbua kilichomegwa, huenda ni mfupa. Jiwe la kawaida limeziba.

Spana17
Noah iishie Lindi mjini. Moshi hadi Dar ni kama kilomita 550, Dar hadi Lindi 450 na ushee, lami. Laleni Dar, mtoke saa kumi na moja alfajiri kabla foleni ya Mbagala haijafunga. Ulizieni hali ya Somanga kabla ya kuondoka, mwaka 2024 mafuriko yaliikata barabara hapo.

Kutoka Lindi kodini gari la juu linalovuta tairi zote nne, pamoja na dereva wa huko huko. Njia ya porini ina mchanga, na mabondeni kuna udongo mweusi unaoshika gari hata siku chache baada ya mvua. Kwenye mchanga shusheni upepo wa tairi hadi psi 20, mkirudi lami mjaze tena, hivyo pampu iwemo. Spea mbili, koleo, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, la sivyo jeki itazama yenyewe.

Juni nyasi bado ndefu. Mbegu zake hujaza rejeta na injini huchemka, kwa hiyo fungeni wavu wa mbu mbele ya rejeta na mkung'ute kila mkisimama. Chungulieni pia chini ya gari: nyasi kavu zikijikusanya kwenye ekzosi zinawaka moto. Maji lita 5 kwa kila mtu kwa siku, ya rejeta mbali. Ripotini kwanza serikali ya kijiji, mpewe mwenyeji anayejua mashimo. Bila yeye mtazunguka siku nzima.

MamaWatatu
Asanteni sana. Watoto wakiokota kipande kidogo?

Tabaka_la_Tatu
Hapana, hata cha ukubwa wa kucha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchukua visukuku bila kibali. Tena kipande kikishatoka kwenye tabaka lake, hakuna atakayejua kina umri gani. Wekeni sarafu pembeni, pigeni picha, kiachwe kilipo.

Njiro_Mpaka_Karatu
Dada, watoto wa Moshi hawajazoea malaria ya pwani ya kusini. Muoneni daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kinga, na mbebe vyandarua vyenu. Homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, wapimwe siku hiyo hiyo na mseme mlikuwa Lindi.

Mkiwa na siku mbili tu, basi Oldupai ni sawa, ila waambieni watoto wanakwenda kuona mambo ya binadamu wa kale. Makumbusho yana nakala ya nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.66. Lipieni Ngorongoro mapema kwa kontroo namba, na hamhitaji kulipia kushuka kreta.