Mtoto hajakaza shingo: tumsubiri au halmashauri ituletee mtu wa mazoezi?

Mwana wa Chikongola
Wadau wa Kusini habari za mchana. Naleta hoja na naomba tusiingize vyama. Kila msimu wa korosho halmashauri zetu zinakata ushuru wa mazao asilimia 3, Tandahimba na Newala ndo usiseme. Mi nataka kwenye hio hela kila wilaya ya Mtwara na Lindi iajiri mtu mmoja wa fizio, yani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mmoja wa kufundisha kuongea, kazi yao iwe watoto wa chini ya miaka mitatu tu, wale waliochelewa, yani miezi sita hajakaza shingo, mwaka umeisha hajakaa, miaka miwili hajasema hata mama. Sa hivi ukiambiwa mtoto ana tatizo unaandikiwa Dar, toka hapa Mtwara zaidi ya kilomita 500, uende urudi na mtoto asiyekaa. Marekani wana sheria toka 1986, mtoto aliyechelewa anahudumiwa toka anazaliwa mpaka afike miaka mitatu, mara nyingi anafuatwa hukohuko kwao. Huku kwetu dawa ni neno moja, subiri. Anayepinga aseme kwanini.

Njomba Mstaafu
Mimi napinga na sababu ninayo. Zahanati hazina dawa, nyie mnataka watu wa kunyoosha watoto miguu. Wamama wa siku hizi hamna subira, mtoto akipitiliza wiki mbili hajasimama dede mshapanda gari. Mimi nimetembea na miaka miwili na zaidi. Bibi yangu pale Mikindani alinichimbia shimo kwenye mchanga, ananisimamisha humo mpaka kiunoni asubuhi na jioni, miguu ikakaza. Hakukuwa na fizio wala nini. Na kwa miguu hiihii nimelima ekari nane za mikorosho.

Mama Naliendele
Wiki mbili mzee wangu? Wiki mbili??
Wangu alizaliwa hakulia. Wakamfuta wakampulizia, alipokuja kutoa sauti ilikuwa kama ya paka, wakaniambia kachoka tu. Miezi mitano shingo inalala upande, nikaenda kliniki, kadi ikaangaliwa, uzito umepanda vizuri, "nenda mama atakaza." Miezi nane nikarudi, jibu lilelile. Mwaka na miezi minne ndo daktari mmoja akaniambia mtindio wa ubongo, yani ubongo uliumia ndo maana misuli haimtii. Sijataja kituo na sitataja maana bado ndo ninapompeleka.
Na hilo shimo nimechimba pia. Miezi mitatu. Mama mkwe alisema na mimi nikachimba nyuma ya jiko, kila alfajiri namshusha humo mchanga wa baridi, namfukia kwa bakuli taratibu, analia mpaka sauti inakata, kichwa kinaanguka kwenye ukingo nakishikilia kwa kanga. Siku moja siafu. Mpaka namtoa mapaja yote mekundu na hakuweza hata kujikuna. Na kila nikimfukua miguu imepishana kama mkasi humo ndani. Usiniambie mimi sina subira.

Wa Newala
Pole sana dada kwa kweli. Ila mzee nae asisagwe, shimo huku Newala limesimamisha wengi, mtoto wa jirani yangu alikuwa hivyohivyo kachimbiwa sa hivi yuko la pili anacheza mpira.

Kaka wa Nachingwea
Tusibishane na mashimo twende na sayansi. Kuna utafiti wa Marekani mtoto anafanyiwa mazoezi masaa 40 kwa wiki na nusu yao wanapona kabisa. Masaa 40!! Ni ajira kamili hio. Halmashauri ipi itaweza? Hoja ya mleta mada ni ndoto.

Mwalimu Masasi
Kaka umechanganya. Hio ni ya usonji (autism) sio mtindio wa ubongo. Ni ya mtafiti anaitwa Lovaas, Los Angeles, 1987, watoto 19 walipewa hayo masaa 40 na 9 kati yao wakamaliza darasa la kwanza la kawaida. Na alilalamikiwa maana watoto hawakugawanywa kwa bahati nasibu, mpaka leo watu wanabishana nayo. Huwezi kuchukua hio ukampigia hesabu mtoto ambaye tatizo lake ni misuli kukaza. Mimi ninachoona shuleni ni mtoto analetwa kuandikishwa na miaka tisa, hajawahi kuonwa na mtu yeyote, mama ake anamficha wageni wakija. Hapo nianzie wapi mimi na chaki?

Kaka wa Nachingwea
Sawa mwalimu ila nilichosema ni gharama. Gharama iko palepale.

Dada Mnazi Mmoja Lindi
Mi nasema simu. Mtoto anapewa katuni kutwa nzima ataongea na nani?

Mama Naliendele
Wangu hajawahi kushika simu. Hashiki hata kijiko.

Fizio wa Kusini
Nasoma toka mada inaanza nikasema ninyamaze, imenishinda, hii ndo kazi yangu. Mzee wangu shikamoo, naomba niongee kuhusu shimo bila kumvunjia bibi heshima.
Wazo lenyewe la kumsimamisha mtoto sio la kijinga. Hata sisi tuna fremu ya mbao ya kumsimamishia, maana mfupa wa nyonga unajijenga ukibeba uzito, mtoto akilala tu miaka yote nyonga inaweza kuchomoka. Tofauti ni kwamba kwenye fremu naona. Naona nyayo zimelala chini, goti limenyooka, mapaja nimeyaachanisha, kifua kina mkanda, mbele nimemuwekea meza ana kitu cha kuchezea mikono ifanye kazi. Shimoni huoni kitu, alichosema mama cha miguu kupishana kama mkasi ndo chenyewe, misuli ya ndani ya mapaja inavuta na mchanga unaigandisha hivyohivyo. Na mtoto anayelia anazidi kukakamaa, hafundishiki.
Jingine. Kuna watoto wanachelewa tu, mwendo wao wenyewe wanakuja kutembea hata usipofanya kitu. Huyo ukimchimbia akatembea, sifa inachukua shimo. Mwenye mtindio akichimbiwa asitembee, lawama anachukua mama, hakuchimba vizuri, alikosa imani. Ndo maana shimo halijawahi kushindwa.

Njomba Mstaafu
Marahaba. Kwa hiyo bibi yangu alikuwa muongo. Umesoma miaka mitatu kwa hela ya korosho zetu unakuja kunifundisha bibi aliyelea watoto kumi na moja. Nyie wasomi mnatudharau sana.

Fizio wa Kusini
Sijasema muongo mzee. Nimesema wewe ungetembea.

Njomba Mstaafu
Ulikuwepo?

Wa Newala
Hapo kapiga. Ulikuwepo?

Mwalimu Masasi
Jamani mbona tunamtetea bibi wakati mtoto yupo shimoni na siafu? Mama wa watu kaeleza kitu kizito mnapita juu yake.

Mwana wa Chikongola
Turudi kwenye mada wadau. Ushuru. Ndio au hapana.

Kaka wa Nachingwea
Kwani ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri si ina fungu la walemavu, asilimia 2? Ichukuliwe hio.

Mwana wa Chikongola
Ile ni mikopo ya vikundi vya biashara, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Mtoto wa miaka miwili akope bajaji? Alafu huu mpango wa malezi na makuzi wa taifa uliozinduliwa Dodoma 2021, ule wa mtoto wa miaka 0 mpaka 8, kwenye makaratasi haya yote yamo. Mi nauliza huku kwetu nani ameonwa na nani.

Mama Naliendele
Mimi nilionwa. Ngoja niseme alafu nikaandae futari.
Nilifika Dar mara mbili. Ya tatu ilikuwa mwezi wa tano 2024, kimbunga Hidaya kikakata barabara kule Somanga, tukarudi, na tarehe ya kliniki ikapita. Sasa katika hizo mara mbili kilichonisaidia ni saa moja tu, nayo ni ya mara ya kwanza. Dada mmoja mdogo tu alikaa na mimi kwenye mkeka. Akaniambia acha kumlisha amelala, ndo maana anapaliwa na kifua hakiishi, mkalishe, kidevu kishuke kidogo, kijiko kije kwa mbele sio kwa juu. Akaniambia mgongoni usimfunge miguu imebana, mbebe ubavuni apanuke mapaja, akanifungia kanga yangu mwenyewe kunionyesha. Akaniambia usimnyooshe tu kama nguo inayopigwa pasi, muwekee kitu anachokipenda mbali kidogo akitafute. Wangu anapenda mfuniko wa sufuria, ile kelele yake. Tukaanza na mfuniko. Sa hivi ana miaka minne, anakaa akiegemea na mkono wa kulia unafika kwenye mfuniko na anaupiga.
Hatembei. Watu wananiuliza sasa Dar ulifuata nini kama hatembei. Kifua hakijamlaza wodini mwaka mzima, hicho ndo nilifuata. Kinachoniuma ni kwamba haya yote ningeyaambiwa pale kliniki ana miezi mitano. Hayana mashine yale, ni kanga na kijiko.

Dada Mnazi Mmoja Lindi
Nimeisoma mara mbili. Nisamehe kwa la simu.

Fizio wa Kusini
Mama umesema yote. Mtindio unaweza kutambulika hata kabla ya miezi sita kwa anayejua kuangalia, na wa kuwaangalia tunawajua toka wodini, hakulia kuzaliwa, alipata manjano kali, njiti, aliugua homa ya uti wa mgongo. Hao wasipimwe uzito tu. Na ubongo wa mtoto mdogo ndo unajipanga, ukianza mapema mkono unajifunza njia kabla ya kuzoea kukunjwa.

Mwana wa Chikongola
Kwa hiyo tunakubaliana waajiriwe.

Mwalimu Masasi
Mi baada ya kumsoma mama naona swali lako limegeuka. Mmoja wa fizio kwa wilaya nzima ya Liwale atamfikia nani? Labda afundishe manesi wa kliniki, siku ya uzito kuwe na mkeka, na bibi aitwe nae maana ndo anayeshinda na mtoto mama akiwa shamba.

Mwana wa Chikongola
Sijageuza mimi. Manesi wafundishwe na nani kama hujaajiri? Ushuru uko palepale.

Njomba Mstaafu
Mabibi mmeshaanza kuwaita leo, mchana walikuwa wajinga. Kuhusu shimo sijabadilisha. Ila nina swali kwa fizio, hio fremu ya mbao fundi anachukua shilingi ngapi?

Fizio wa Kusini
Inategemea mbao mzee. Ila kwa anayeanza kukaa, kiti cha maboksi kinatosha na hakina gharama. Unabandika maboksi tabaka kwa tabaka kwa uji mzito wa muhogo, unafuata kipimo cha mtoto mwenyewe, mgongo umsitiri mpaka mabegani, katikati ya mapaja unaacha kinundu ili yasipishane, mbele meza. Mwisho rangi ya mafuta ili mkojo usiloweshe.

Njomba Mstaafu
Maboksi ya mafuta ya kula ninayo dukani kama thelathini hivi, panya wanayamaliza bure. Mama Naliendele mtume mtu.

Mama Naliendele
Nakuja mwenyewe Jumamosi mzee. Shimo baki nalo.
Fizio, huo uji nikibandika leo tabaka la pili napiga lini?

Fizio wa Kusini
Likauke kwanza kabisa mama, gonga kwa kidole lisikike kama debe. Ukiwahi, katikati linaota ukungu na kiti kinalegea akiwa amekaa.

Wa Newala
Na ule mchanga mwekundu wa huku nao si unakausha?